Niliambiwa vimondo 150 kwa saa, nikaona 5: je, macho yangu yana kasoro?

“Mwalimu, salaam. Desemba iliyopita nilisoma kwamba usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 kungekuwa na mvua ya vimondo, ‘hadi 150 kwa saa’. Nilijiandaa vizuri, nikatoa darubini yangu nje na kukaa kitini uani, ubavuni mwa nyumba, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 4 na nusu. Niliona vimondo 5. Kilichoniuma zaidi ni kwamba rafiki yangu, aliyekuwa amelala chali mahali palipo wazi hatua chache kutoka kwangu, alihesabu 11, naye hakuwa na darubini wala chochote. Mapema zaidi, kama saa 1 na nusu usiku tulipokuwa tunapanga vitu, tuliona msururu wa taa kama 20 zikipita angani kwa mstari mmoja, kimya kabisa. Yeye akasema ndivyo vimondo vyenyewe, mimi nikakataa. Je, habari ile ilitiwa chumvi, au macho yangu ndiyo mabovu? Na je, kuna hatari ya kuangukiwa na kitu usiku kama ule? Nataka kujaribu tena, lakini sitaki kupoteza usingizi bure.”

Ndugu yangu, nianze na macho, maana naona ndiyo yanayokunyima raha. Kwa maelezo uliyonipa sioni sababu ya kuyashuku. Habari uliyosoma nayo haikutia chumvi. Kosa lake ni moja: ilikupa namba sahihi, ikanyamaza kuhusu kile ambacho namba hiyo inapima. Nitaifanya hesabu yake hapa chini, na usishangae ukikuta kwamba vimondo 5 ndiyo hasa idadi uliyopaswa kuona kwa saa ulizokaa, mahali ulipokaa na jinsi ulivyokaa. Hata 11 vya rafiki yako vimo ndani ya hesabu hiyohiyo.

Kwanza tujue mlikuwa mnatazama nini. Kila mwaka katikati ya Desemba Dunia hukatiza mkondo wa vumbi na changarawe ulioachwa na asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka Jua, iitwayo Phaethon. Asteroidi hiyo iligunduliwa mwaka 1983 kwa setilaiti ya IRAS, ina upana wa kilomita 5 hadi 6, na hulizunguka Jua kwa takriban mwaka mmoja na miezi mitano. Chembe zake huingia kwenye angahewa yetu kwa kasi ya kilomita 35 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kitu kidogo kama punje ya mchanga, au kikubwa zaidi kama punje ya choroko, kinatosha kuchora mstari wa mwanga unaoonekana ukiwa umbali wa kilomita 100. Watu husema kimondo kinaungua, kama vile ni ukuni. Kinachotokea ni tofauti kidogo: molekuli za hewa zinaitwanga ile punje kwa nguvu, uso wake unapata joto kali na kugeuka mvuke, na atomi za mvuke huo pamoja na zile za hewa ndizo zinazong’aa. Sodiamu inatoa rangi ya manjano, magnesiamu kijani. Yote hayo hufanyika kati ya kilomita 80 na 100 hivi juu yako, na mara nyingi huisha kabla hujamaliza kusema “ile pale!”

Chembe hizo husafiri sambamba. Ukisimama katikati ya reli unaona vyuma viwili vikikutana mbali, ingawa unajua havikutani. Vimondo navyo ni hivyohivyo: njia zao, ukizirudisha nyuma kwa macho, zinaonekana kutoka sehemu moja ya anga. Sehemu hiyo nitaiita chimbuko. Kwa vimondo vya Desemba chimbuko liko kwenye kundinyota la Mapacha, karibu na nyota iitwayo Kastori, na ndiyo maana huitwa Jeminidi. Ukilijua kundinyota la Jabari kwa zile nyota tatu za ukanda wake zilizopangana, Mapacha wako jirani naye upande wa kaskazini-mashariki.

Sasa namba yenyewe. Ile 150 ni kiwango kilichosawazishwa. Kinauliza hivi: mtu mmoja mwenye macho mazuri, akiwa chini ya anga jeusi ambalo hata nyota za daraja la 6.5, zile hafifu kabisa, zinaonekana, bila wingu, bila paa wala mti wa kumziba, na chimbuko likiwa utosini kabisa, angeona vimondo vingapi kwa saa moja? Kipimo hicho kiliwekwa ili mtu wa Norway na mtu wa Chile waweze kulinganisha walichokiona kwa haki, japo mmoja ana Mwezi na mwingine ana milima. Ni kama ile kasi ya mwisho iliyoandikwa kwenye dashibodi ya gari. Gari linaiweza, lakini barabara yako ina matuta.

Matuta yako ni matatu. La kwanza ni kimo cha chimbuko. Likiwa chini karibu na upeo wa macho, chembe zilezile zinatawanyika kwenye eneo kubwa zaidi la angahewa, kama mwanga wa tochi unavyotanda ukiumulika ukuta kwa mshazari, na nyingine zinapita upande wa Dunia usiouona. Kwa mtu aliye karibu na ikweta, saa 3 usiku chimbuko la Jeminidi ndiyo kwanza limepanda nyuzi 12 hivi. Kufikia saa 4 na nusu liko nyuzi 31. Aliye kaskazini zaidi hulikuta juu kidogo kwa saa hizo, aliye kusini hulikuta chini zaidi. Tuseme kwa wastani lilikuwa nyuzi 20. Sehemu inayobaki ni sayini ya kimo hicho, ule uwiano wa pembe wa hesabu za shuleni, na sayini ya nyuzi 20 ni 0.34. Zidisha kwa 150: vimebaki 51.

La pili ni mwanga wa taa. Wanaanga hupanga nyota kwa madaraja, la 1 likiwa la nyota angavu sana na la 6 la zile ambazo macho yanazipata kwa shida. Umeniambia uko uani, na uani kwa kawaida kuna taa za majirani na za barabarani. Chini ya anga la namna hiyo mtu huishia daraja la 4.5 hivi, yaani amepoteza madaraja mawili. Na hili ndilo watu wengi wasilolitilia maanani: vimondo hafifu ni vingi kuliko vile angavu. Kwa Jeminidi, kila unaposhuka daraja moja kuelekea vile hafifu idadi inaongezeka mara 2.6. Kwa hiyo ukinyang’anywa madaraja mawili hupotezi theluthi wala nusu, unagawanya kwa karibu 7. Vile 51 vimekuwa 7 na nusu kwa saa.

Zidisha kwa saa moja na nusu uliyokaa: 11. Hicho ndicho alichokipata rafiki yako, aliyelala chali akiwa na anga lote mbele yake.

Tuta la tatu ni lako peke yako. Ulikaa kitini, na ubavuni mwako kulikuwa na nyumba. Mtu aliyekaa wima anaona vizuri ile sehemu ya anga iliyo mbele yake, hapo chini ambapo kuna ukungu na mwanga wa taa. Sehemu nzuri iliyo juu yake inahitaji shingo, na shingo huchoka baada ya dakika tano. Ukipoteza nusu ya anga unabaki na vimondo 5 au 6. Sina kipimo kamili cha uani kwako, na si ajabu tarakimu zangu zikaachana na hali halisi hapa na pale, lakini ukubwa wa hasara ndio huo.

Halafu kuna darubini. Naomba usinichukie: usiku ule ilikuwa adui yako. Darubini ya kawaida huonyesha duara la anga lenye upana wa nyuzi 1 au pungufu. Nusu tufe ya anga iliyo juu yako ina zaidi ya nyuzi mraba 20,000. Kila ulipoinamia lenzi ukingoja kimondo kipite humo ndani, ulikuwa unachungulia kwa tundu la sindano wakati ng’ombe wanapita nyuma yako. Vimondo hutazamwa kwa macho matupu, na hata darubini ya macho mawili tunaiweka kando. Darubini yako ina kazi nyingine nzuri, nitaitaja.

Kuhusu macho yenyewe, kuna jambo moja linalowaponza wengi. Ukitoka kwenye mwanga, mboni hupanuka haraka, ndani ya sekunde. Lakini usikivu halisi wa gizani unatokana na kemikali iitwayo rodopsini iliyo kwenye seli zinazofanya kazi gizani, ndani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Mwanga huivunja, na kuijenga upya kunachukua dakika 20 hadi 30. Sasa fikiria mtu aliyekaa dakika 25 akivumilia, kisha simu inatetemeka mfukoni. Anaitoa, anasoma ujumbe mmoja, anairudisha. Sekunde nane tu. Akiinua kichwa, nyota zile hafifu zimetoweka, na saa yake ya kuzoea giza imerudi karibu na mwanzo. Mimi mwenyewe miaka ya mwanzo nilikuwa naandika hesabu zangu kwa kumulika daftari kwa tochi nyeupe kila kimondo kilipopita. Yaani kila nilipopata kimoja nilijipofusha nisione vinavyofuata! Siku hizi natumia taa nyekundu iliyofifishwa, kwa sababu seli hizo haziisikii sana rangi nyekundu. Hukuniambia kama ulikuwa unatazama simu. Jiulize mwenyewe.

Uliniuliza pia, bila kuuliza moja kwa moja, kama ulikuwa na bahati mbaya. Bahati ipo, ila ni ndogo. Vimondo haviji kwa zamu kama mabasi. Wastani wa 7 kwa saa hauna maana ya kimoja kila baada ya dakika nane na nusu. Unaweza kukaa dakika 20 bila kitu, ukaanza kujilaumu, kisha vikapita vitatu kwa pumzi moja. Wengi huingia ndani katika ule ukimya wa dakika 20. Kwa hiyo usiuhukumu usiku kwa nusu saa ya kwanza.

Zile picha zinazosambaa, zenye vimondo 40 au 60 vikitawanyika kutoka sehemu moja kama miiba ya nungunungu, nazo huwapotosha watu. Nyingi ni picha za kweli, lakini kamera iliachwa ikipiga usiku kucha, kisha fremu zenye vimondo zikapangwa juu ya moja. Hakuna jicho lililoona tukio lile kwa mara moja. Usiku wa kufanana na picha hizo umewahi kutokea, kwa mfano ule wa Novemba 1833 huko Amerika Kaskazini, ambapo vimondo vya Leonidi vilishuka kwa maelfu kwa maelfu ndani ya saa moja. Ni tukio la nadra sana, na halikuwa la Jeminidi.

Ule msururu wa taa, ulikuwa sahihi kuukataa. Karibu kwa hakika zilikuwa setilaiti za Starlink, zile za huduma ya intaneti, zilizorushwa siku chache kabla. Kundi la kwanza kubwa la setilaiti hizo, 60 kwa pamoja, lilirushwa Mei 2019, na tangu hapo yamefuata makundi mengi. Siku za mwanzo zinakuwa bado chini na zimefuatana kama ushanga kwenye uzi. Baadaye hupanda hadi kilomita 550 hivi na kuachana. Haziwaki. Zinang’aa kwa sababu huko juu Jua bado linazipiga wakati sisi chini tumeshaingia gizani, ndiyo maana mliziona saa 1 na nusu. Kwenye saa 4 usiku zingekuwa zimeingia kwenye kivuli cha Dunia msizione. Kipimo rahisi ni muda: kimondo kinaisha kwa sekunde moja au mbili, setilaiti inachukua dakika kadhaa kuvuka anga, ndege inapepesa taa. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapita hivyohivyo, nukta moja angavu mno isiyopepesa, kikiwa kilomita 400 hivi juu, na kinaizunguka Dunia kwa kama dakika 90.

Hatari? Kwa mvua za vimondo za kila mwaka, kaa kwa amani. Punje za ukubwa ule hazifiki ardhini. Zinakwisha huko juu. Mawe yanayofika huwa ni makubwa zaidi na huja bila uhusiano na mvua hizi. Mfano wa karibuni unaojulikana sana ni wa Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, mwamba wa takriban mita 20 ulipopasuka angani. Watu kama 1,500 waliumia, na wengi wao walikatwa na vioo. Waliona mwanga mkali, wakakimbilia dirishani kutazama, na kishindo kikafika dakika chache baadaye na kuvunja madirisha. Basi ukiona siku yoyote mwanga unaoshindana na Jua, kaa mbali na vioo kwanza, maswali baadaye. Na ukiokota jiwe zito lenye gamba jeusi unalodhani limetoka juu, liweke kwenye mfuko safi na ulipeleke kwa idara ya jiolojia ya chuo kikuu au kwenye makumbusho. Usilisugue kwa sumaku kama watu wanavyoshauriana mitandaoni, kwani sumaku inafuta kumbukumbu ya usumaku wa kale iliyomo ndani yake, na hiyo ni mojawapo ya vitu ambavyo wataalamu wanavitafuta.

Tuje kwenye kujaribu tena. Watu wengi wakishindwa mara ya kwanza hufikiria kusafiri mbali au kununua kifaa. Ngoja kidogo. Ukibaki palepale uani lakini ukasogea hadi saa 8 usiku, chimbuko la Jeminidi kwa mtu wa karibu na ikweta litakuwa nyuzi 57, na vile 51 vya mwanzo vinakuwa 126. Gawanya kwa 7 ya taa zako: 18 kwa saa, endapo umelala chali mahali pasipozibwa na nyumba. Umetoka kwenye 3 au 4 kwa saa hadi 18 bila kutoa hata senti. Ukienda mahali ambapo nyota za daraja la 6 zinaonekana, hesabu hiyo inapanda tena mara 4 na zaidi, na huo ndio usiku unaosimuliwa. Nikilazimika kukushauri kimoja tu, ni saa. Giza la shambani saa 2 usiku chimbuko likiwa bado halijachomoza litakupa kidogo kuliko uani kwako saa 8.

Lipo jambo linaloweza kuharibu yote: Mwezi. Mwezi mpevu unaosha anga hata jangwani. Kabla ya kupanga chochote, tazama kwanza Mwezi una siku ngapi. Desemba 2026 hali ni nzuri, kwa kuwa Mwezi mpya unaangukia tarehe 9, hivyo usiku wa 13 kuamkia 14 kutakuwa na hilali changa tu itakayozama kabla ya usiku wa manane. Desemba 2027 ni kinyume chake kabisa, Mwezi utakuwa mpevu tarehe 13 yenyewe. Mwaka huo mimi nitalala.

Ukitaka mazoezi kabla ya Desemba, mvua nyingine zipo, lakini chagua kwa kuangalia uko wapi. Perseidi za tarehe 12 na 13 Agosti ndizo zinazosifiwa zaidi na watu wa kaskazini. Vumbi lake ni la nyotamkia Swift-Tuttle, inayorudi kila baada ya miaka 133 hivi na iliyopita mara ya mwisho 1992, nazo zina kasi ya kilomita 59 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba chimbuko lake liko kaskazini sana. Kwenye ikweta halipandi zaidi ya nyuzi 32, tena alfajiri. Ukienda kusini zaidi ya latitudo 32 halichomozi kabisa. Watu wa kusini hudanganyika na sifa hizo kila Agosti. Kwa upande wa giza, Agosti 2026 ni ya kipekee: tarehe 12 kuna kupatwa kwa Jua kikamilifu kutakakoonekana Greenland, Iceland na Hispania, na kupatwa kwa Jua maana yake ni kwamba Mwezi ni mpya, kwa hiyo usiku unaofuata hauna Mwezi.

Kusini wana Eta Akuaridi za tarehe 5 na 6 Mei, saa za kabla ya alfajiri. Hizo ni vumbi la nyotamkia Halley, ileile iliyoonekana 1986 na itakayorudi 2061. Oktoba tarehe 21 na 22 Dunia inaukatiza tena mkondo wa Halley, tukapata Orionidi. Vimondo vya Halley ni vya kasi, kilomita 66 kwa sekunde, na vingi huacha mchirizi mwembamba unaong’aa kwa sekunde chache baada ya vyenyewe kupita. Mtu asiye na subira ya miaka 35 ya kuingoja nyotamkia yenyewe anaweza kuona vipande vyake mara mbili kila mwaka. Lairidi za tarehe 22 Aprili na Kwadrantidi za mwanzoni mwa Januari nazitaja tu. Za kwanza ni chache, na za pili ni za watu wa kaskazini na kilele chake kinadumu saa chache.

Darubini yako itoe kwa ajili ya sayari. Zohali mwaka 2025 ilitugeuzia pete zake kwa ubavu, zikawa kama uzi, na watu wengi walionunua darubini mwaka ule walidhani wameuziwa mbovu. Sasa pete zinafunguka tena mwaka hadi mwaka, na Oktoba 2026 sayari hiyo itakuwa upande ulio kinyume na Jua, ikionekana usiku kucha. Februari 2027 ni zamu ya Mshtarii na Mirihi katika mwezi mmoja. Usikimbilie ukuzaji mkubwa ulioandikwa kwenye boksi; mara 50 hadi 100, hewa ikiwa imetulia, itakuonyesha pete za Zohali na miezi minne ya Mshtarii vizuri kuliko mara 500 zenye ukungu.

Unaweza pia kuzisoma habari za vyombo vya angani kwa jicho la mtu aliyehesabu vimondo, maana kinachopita juu ya uani kwako ndicho wanachokifuata huko. Chombo Stardust cha Marekani kilipita karibu na nyotamkia Wild 2 mwaka 2004, kikanasa vumbi lake kwenye dutu nyepesi mno iitwayo erojeli, na kibweta chake kikatua Duniani 2006. Ndani ya vumbi hilo ikapatikana glisini, mojawapo ya asidi amino, vile vijenzi vya protini. Hayabusa2 ya Japani ilileta gramu 5.4 kutoka asteroidi Ryugu mwishoni mwa 2020. OSIRIS-REx ya Marekani ikaleta gramu 121.6 kutoka asteroidi Bennu mwezi Septemba 2023. Japani inaandaa chombo kingine, DESTINY+, kitakachopita karibu na Phaethon yenyewe, mama wa vimondo vyako vitano. Na kuna sababu: Phaethon inatatanisha. Ni mwamba mkavu usiokuwa na barafu ya kutoa mkia, ila kila inapolikaribia Jua, karibu zaidi hata ya Utaridi, hupata mkia mdogo. Mwaka 2023 ilielezwa kwamba mkia huo ni gesi ya sodiamu, wala hauna vumbi la kutosha kueleza mkondo mnene tunaoukatiza Desemba. Kwa hiyo punje zile ziliondoka lini kwenye mwamba, na kwa kishindo gani, bado ni mjadala.

Ukitaka tarehe moja ya kuiandika ukutani, andika Ijumaa, 13 Aprili 2029. Asteroidi Apophis, yenye upana unaozidi mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa Dunia, chini ya njia ya setilaiti nyingi za mawasiliano. Haitatugonga. Vipimo vya rada vya mwaka 2021 viliondoa hatari hiyo kwa angalau miaka 100. Kwa watu wa Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia itaonekana kwa macho matupu, kama nyota ya daraja la 3 hivi inayosogea polepole katikati ya nyingine. Hata uani kwako utaiona, kama wingu litakubali.

Nirudi kwenye macho kwa mara ya mwisho, maana sitaki nikutulize kupita kiasi. Jaribu hivi: ukishazoea giza nusu saa, mahali pamoja na rafiki yako, nyote mkiwa mmelala chali, hesabuni nyota mnazoziona katika Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota. Wengi huona 6. Ikiwa yeye anaona 6 na wewe unaona ukungu, vaa miwani yako ya kawaida ya mbali, kama unayo, ujaribu tena. Watu wengi wenye uoni hafifu wa mbali huona tatizo hilo likizidi usiku. Kama bado unajikwaa gizani pale wenzako wanapopita vizuri, au uoni wako wa usiku umekuwa ukipungua, nenda kwa daktari wa macho umwambie hivyo, kwa kuwa upofu wa usiku una sababu zake na nyingine zinatibika. Na michirizi ya mwanga unayoiona pembeni mwa jicho hata ukiwa ndani, hata ukifumba, hiyo si vimondo. Ikianza ghafla, hasa ikiandamana na vidoa vingi vyeusi au kama pazia linashuka, muone daktari siku hiyohiyo. Retina inaweza kuwa inachanika.

Kama kuna chama cha watazama anga unachoweza kukifikia, nenda nacho usiku mmoja ukiwa na darubini yako. Mtu wa kukuonyesha kwa kidole kundinyota la Mapacha liko wapi atakusaidia kwa dakika mbili kuliko aya zangu zote. Hesabu zako nazo zina kazi: shirika la International Meteor Organization limekuwa likipokea taarifa za watazamaji wa kujitolea tangu 1988, na namba kama ile 150 zinatokana na watu waliolala chali wakihesabu. Wanataka muda ulioanza na kumaliza, nyota hafifu kabisa uliyoiona, na idadi. Usiku wa vimondo 5 nao wanaupokea.

Basi kwa Desemba 2026: tarehe 13 lala mapema, saa 2 usiku kama unaweza. Weka kengele ya saa 7 usiku. Ukiamka usiwashe taa wala simu. Toka na kitu cha kulalia na nguo nzito kuliko unavyodhani utahitaji, tafuta pembe ambayo ukuta unaziba taa ya barabarani lakini hauzibi utosi, lala miguu ikielekea upande wenye giza zaidi, na usikodolee chimbuko lenyewe. Vimondo vyenye mkia mrefu huonekana mbali nalo kidogo. Nusu saa ya kwanza usihesabu, yaachie macho yazoee giza. Anza saa 8 kasoro hivi, malizia saa 9. Kisha uniandikie umepata vingapi, na rafiki yako vingapi.